Folda Iliyoitwa Jikoni

Siku hizi simu ikitetemeka mezani, Mable hushika kifua kwanza, halafu ndiyo ashike simu. Nimemwona mara nyingi. Anakuja hapa kwangu kunywa chai, anaiweka simu karibu na sahani, na ikitetemeka tu, hata kama ni kampuni ya simu inamwambia bando limeisha, uso wote unasawijika. Kuna wateja wanaomcheka. Mimi simcheki, na ukimcheka mbele yangu utamaliza chai yako uende, kwa sababu siku ile nilikuwepo.

Jina langu ni Mbula, lakini hapa Voi ukimuuliza mtu Mbula atakukodolea macho. Uliza Mama Koki, mwenye hoteli chini ya lile jengo la buluu nyuma ya stendi. Chapati, muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, chai ya maziwa, na matumbo siku za soko. Ngazi ya kwenda juu inapita mlangoni mwangu, kwa hivyo hakuna anayepanda bila mimi kumjua. Juu kuna vyumba vitatu. Cha kwanza ni saiba ya Ngui, kijana wa kwetu Ukambani, anayechapia watu barua na kuwatolea kopi. Cha katikati ni darasa la kompyuta la vijana waliomaliza shule. Cha mwisho ni ofisi ya Mable.

Ofisi yenyewe haina cha kuiba. Meza, viti viwili, kalenda ya kanisa na kompyuta moja. Lakini hiyo kompyuta moja, wacha nikuambie, ilikuwa imebeba roho za watu. Kule kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau, ndovu wanaingia mashambani kama vile wao ndio waliolima. Wanakijiji walichoka kuzika, wakaunda kikundi, wakatafutiwa msaada, na jike mkubwa anayeongoza kundi la ndovu akavishwa ukanda shingoni. Ukanda unatuma habari ya mahali alipo, kompyuta ya Mable inapokea, halafu kila baada ya saa mbili inatuma meseji kwa simu za watu wa Rukanga: ndovu wako upande huu, msipite njia ile. Inatuma yenyewe, bila mtu kubonyeza. Kazi ya Mable ni kuichunga.

Na hakuna mchungaji kama yeye. Mable ni mwema, lakini msumbufu, haki ya Mungu! Akiingia hapa hotelini, kabla hajaketi ashasogeza kiti cha mtu, ashafuta meza niliyokwisha kuifuta. "Mama Koki, hiyo chumvi iweke mbali na sukari, siku moja utamtilia mtu chumvi kwa chai." Namwambia, wewe uliolewa na ndovu, niachie jiko langu. Anacheka huku amefunika mdomo, kama alivyofundishwa na mamake, ambaye alifariki Mable akiwa bado msichana mdogo.

Aliyebaki ni baba. Mzee Zephaniah Mwandawiro anaishi peke yake Rukanga na mbuzi wachache na punda wa kuvuta mkokoteni wa maji. Miaka yake ya nguvu aliimaliza kwenye kiwanda cha mkonge, kando ya mashine ya kukwangua majani, na ile mashine ilimla masikio. Kumwita ni mpaka umguse, au asimame mbele yako akuangalie mdomo. Majirani wakipiga madebe kufukuza ndovu, yeye hasikii hata moja. Ndiyo maana simu yake hukaa kwenye mfuko wa shati, kifuani, aihisi ikitetemeka. Simu za kuongea hashiki, zina faida gani kwake? Yeye ni meseji tu, na anaandika kwa herufi kubwa kama bango la kanisa.

Kuna mwaka matapeli walimwandikia wakijifanya Mable. Eti yuko hospitali Mombasa, hali mbaya, atumiwe pesa haraka. Mzee akauza beberu. Mable alipojua alilia kwa hasira, akaenda hadi Rukanga akamwekea baba yake sheria. Aliporudi alinisimulia hapa hapa.

"Nimemwambia, Mama Koki, meseji yoyote ikija ikisema ni mimi, iwe nambari gani, aulize neno. Tumechagua neno letu sisi wawili. Asiyelijua si Mable, hata akilia damu."

"Na zile meseji za ofisi?"

"Hizo asiulize. Hizo zinatoka kwa kompyuta yangu. Nani ataigusa?"

Nilimwona ana akili sana.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kompyuta, kama hujui, kila mara inataka apdeti. Kampuni iliyotengeneza programu inaleta marekebisho yake, kama mtu anavyoziba tundu la ukuta kabla nyoka hajaliona. Bila apdeti wezi wanaingia. Basi kule juu vyumba vyote vitatu vilikuwa vinatumia laini moja ya intaneti, na kompyuta zote zikiamka asubuhi kutafuta apdeti kwa pamoja, laini inakabwa koo. Wateja wa Ngui wanapiga kelele, darasa limekwama, ramani ya ndovu ya Mable haisongi. Wakashuka kwangu kugombana. Kila ugomvi wa jengo hili huletwa kwangu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya chai.

Mable ndiye aliyekata shauri. "Kwani sisi hatukulelewa?" akasema. "Kwetu moto ukikuzimikia unachukua kigae, unaenda kwa jirani, unapewa kaa. Hakuna anayehangaika na kuni mbichi na jirani ana moto. Kompyuta moja ilete apdeti, zingine zote zichukue kwake."

Ngui akapiga meza. "Hiyo ni mwethya!" Kwetu mwethya ni ile kazi ya pamoja, leo tunalima kwako, kesho kwangu. Na mimi nikapiga makofi nikasema kidole kimoja hakivunji chawa. Nilisema kwa mdomo huu.

Wakafanya hivyo. Kwenye kompyuta kubwa ya Ngui wakatengeneza folda wakaiita Jikoni. Apdeti ikiletwa inawekwa humo, na saa sita mchana, watu wakija kula, kompyuta zote zinaenda Jikoni zenyewe, zinachukua kilichomo na kujiwekea. Mwanzoni zilikataa. Kila moja ilitoa onyo jekundu kwamba kitu hiki hakijulikani kimetoka kwa nani. Ngui akasema zinauliza maswali kama askari wa benki, akapita moja baada ya nyingine akizinyamazisha. Ya Mable pia aliinyamazisha, Mable mwenyewe akiwa amemsimamia. Na kwa vile mwalimu wa darasa naye alitaka kuweka vitu vyake, folda ikaachwa bila kufuli.

Halafu kuna lile neno la siri la waifai. Lilikuwa limebandikwa ukutani hapa kwangu, chini ya bei ya chapati. Usiniangalie hivyo! Ngui ndiye aliyelibandika ili wateja wakae zaidi, na mimi nilidhani ni la kuangalia mpira. Ningejuaje kwamba anayelisoma hapo akinywa chai anaweza kunyoosha mkono hadi Jikoni?

Fundi aliyekuja baadaye kutoka Mombasa alinieleza taratibu, nikamwelewa vizuri kuliko nilivyotaka. "Mama, kugawana si dhambi," alisema. "Kompyuta zenyewe zinajua kugawana apdeti. Lakini zikipewa kitu na jirani, zinatazama muhuri wa aliyekitengeneza. Muhuri ukikosekana, zinakataa. Ninyi mlizifunga macho zisitazame muhuri, kisha mkaacha mlango wazi kwa yeyote." Hata kwetu kaa la moto huendi kulipokea kwa mtu usiyemjua, ukalipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya nyasi.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi aliingia mwanamume mmoja, shati safi, begi la laptopu begani, msafiri wa Taveta anayengojea gari. Aliomba chapati mbili na chai, akainamisha kichwa akaombea chakula. Akaniuliza, "Mama, kuna waifai?" Nikamwonyesha ukuta. Alikaa na laptopu yake kidogo, akanishukuru, akaenda zake kabla ya saa sita. Mpaka leo sijui kama alikuwa mwizi, au laptopu yake ndiyo iliyokuwa na ugonjwa na yeye hajui. Fundi alisema yote mawili yanawezekana. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi. Mwizi unaweza kumtambua kwa macho yake, lakini mtu mzuri aliyebeba kifo kwenye begi na anakusalimia vizuri, utamjuaje?

Kwa sababu yeye, au laptopu yake, aliingia Jikoni. Apdeti iliyokuwemo akaitoa, akaweka nyingine ya jina lile lile. Saa sita ikafika. Watu wakashuka kula muthokoi wangu, na huko juu kompyuta zikaenda kuchukua kaa la moto kama zilivyofundishwa.

Alasiri nikasikia Ngui akipiga unyende. Si kelele za wateja, la, huo ulikuwa unyende wa mtu aliyeona nyoka kitandani. Nikapanda mbio na kitambaa cha sahani mkononi. Vioo vya kompyuta zake vilikuwa vinageuka vyekundu, kimoja baada ya kingine, vikipangana kuelekea mlangoni, na kwenye kila kimoja maandishi ya Kiingereza yanasema faili zenu zimefungwa, tulipeni. Ngui alikuwa anang'oa nyaya ukutani. Kule darasani nako vijana walikuwa wanapiga kelele.

"Zote, Mama Koki! Zote!"

Mable akachungulia, akarudi ofisini kwake mbio. Nikamfuata. Akasimama mbele ya kompyuta yake, mkono mdomoni, kisha akashusha pumzi ndefu.

"Yangu nzima. Mungu ni mwema."

Kweli ilikuwa nzima. Ramani ilikuwepo, kijani, na ile alama ya ndovu imetulia mbali kabisa upande wa mbugani. "Hata wao leo wamelala," akasema akicheka. "Hawajasonga." Tukashuka, nikampa chai ya kutuliza moyo. Simu yake ikatetemeka, akanionyesha meseji ya ofisi, ile ile iliyokwenda kwa watu wote wa Rukanga: Saa kumi. Ndovu wako mbali. Njia ya silanga iko wazi.

Silanga ni lile bwawa la maji la Rukanga. Kila mtu wa huko huteka hapo.

Hata kikombe hakijafika nusu, simu ikalia. Alikuwa Obadiah, kijana wa bodaboda wa Rukanga. Kelele za pikipiki zilikuwa nyingi, Mable akaweka spika, nikasikia yote.

"Dada Mable, hizo meseji zenu mnazitoa wapi? Nimebeba mama na mtoto nawapeleka Maungu, nimesimama hapa barabarani, ndovu wanavuka mbele yangu. Wengi! Yule wa ukanda ndiye wa kwanza. Wanaelekea silanga."

"Haiwezekani. Wako mbali. Nimewaona sasa hivi kwa kompyuta."

"Dada, mimi nawanusa."

Mable aliinuka, kiti kikaanguka, akapanda ngazi. Mimi mwili huu si wa kukimbia ngazi mara mbili, lakini siku ile nilikimbia. Nilimkuta ameweka kidole kwenye pembe ya kioo, kwenye maandishi madogo yanayoonyesha mara ya mwisho ukanda uliposikika.

"Saa sita," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuitambua. "Imekufa saa sita, Mama Koki. Imekufa na bado inaongea."

Kile kitu kilichotoka Jikoni kilikuwa kimeua upande wa kompyuta unaosikiliza, kikaacha upande unaotuma. Basi ikawa inachukua mahali ndovu walipokuwa saa sita na kuwaambia watu saa nane, njia iko wazi. Saa kumi, njia iko wazi. Na watu wanaamini, maana imewaambia kweli miaka yote.

"Baba," Mable akasema. "Baba huteka maji baada ya meseji ya saa kumi."

Akajaribu kutuma onyo kwa kompyuta. Aliandika neno moja tu, kioo kikageuka chekundu mbele ya macho yetu, na nambari zote za majirani wa Rukanga zikafungiwa humo. Ngai! Nilipiga ukelele, mimi mtu mzima. Ilikuwa kama kile kitu kinatuona.

Akashika simu yake ya mkononi. Obadiah alikuwa bado kwenye laini, akamwambia, "Nenda silanga, Oba, nenda kwa Baba, nakuomba." Obadiah akasema ndovu wameziba barabara na hawezi kupita na mtoto mchanga mgongoni mwa pikipiki. Itabidi arudi nyuma, amwache yule mama kwenye nyumba ya watu, azunguke na njia ya upande wa pili wa mlima. "Nitafika, dada," akasema. Hakusema lini.

Mable akaandika meseji huku akiisoma kwa sauti, kama anaomba. Baba usiende silanga. Ndovu wako huko. Rudi nyumbani. Ni mimi Mable.

Tukangoja. Simu ikatetemeka.

NENO?

Nilifurahi, unajua? Nilisema, ashukuriwe Mungu, mzee ameipata, mwambie hilo neno! Kumbe Mable alikuwa ananiangalia kama mtu aliyesahau jina lake.

"Silikumbuki."

"Mable!"

"Silikumbuki, Mama Koki! Tulilisema siku ile moja tu. Sijawahi kulitumia. Meseji za ofisi hazikuhitaji neno." Alikuwa anajigonga paji la uso kwa ngumi. "Lilikuwa kitu cha nyumbani. Kitu cha kijinga, tulicheka."

"Mwandikie chochote! Mwambie ni wewe!"

Akaandika, Kasigau. Jibu likaja, SIYO. Akaandika jina la marehemu mamake, Alice. Tukangoja tena, na kule darasani mtoto wa mtu alikuwa analia juu ya kazi yake iliyopotea, nikatamani kumzaba kofi anyamaze. Kisha ikaja meseji ambayo Mable ameihifadhi hadi leo, na sijui anaihifadhi ya nini.

MWIZI WEWE. MABLE WANGU ALINIONYA. OFISI IMESEMA NJIA IKO WAZI.

Mable akapiga simu ili tu itetemeke kifuani kwa mzee. Ikasema mteja hapatikani. Mzee alikuwa ameizima asisumbuliwe na wezi.

Watu wanasema hofu ina kelele. Mimi nimeiona, haina. Mable alishuka ngazi polepole, akishika ukuta, akaja kusimama katikati ya hoteli yangu bila kujua amesimama wapi. Ngui alikuwa ametoka kutafuta gari. Mimi nikarudi kwenye sufuria kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine, nikakoroga, nikatia chumvi, nikakoroga. Nikampakulia mteja aliyekuwa amengoja. Mable alikuwa anataja vitu kwa sauti ya chini. Beberu. Mkokoteni. Mwembe. Jina la mbwa wao.

Yule mteja akatema chakula. "Mama Koki, hii muthokoi umetia chumvi mara mbili ama namna gani?"

Mable akageuka ghafla.

"Kimanga," akasema. "Woi, Baba. Kimanga."

Alinieleza baadaye, si siku hiyo. Wiki waliyomzika mamake, yeye ndiye aliyepika kimanga, ule muhogo na maharagwe ya kupondwa wanaoupenda Wadawida, watu wa kwao Taita. Alikuwa mdogo, analia huku anapika, akatia chumvi mara mbili. Chakula hakilambiki. Mzee Zephaniah akala sahani yote, akaomba nyingine, akasema hajawahi kula kimanga kizuri hivyo, ili mtoto asilie tena. Hilo ndilo lilikuwa neno lao.

Aliandika KIMANGA CHUMVI MARA MBILI akaituma. Akaituma tena. Akaituma tena na tena kwa simu iliyozimwa, mpaka Ngui akaja na gari ya rafiki yake akamshika mabega akamwingiza ndani. Nikaingia na mimi. Niliacha hoteli wazi, jiko linawaka, na mteja ameshika kijiko.

Tukashika barabara kuu kwenda Maungu. Ngui alikuwa anaendesha huku machozi yanamtoka, anayapangusa kwa bega. Mara moja tu alisema, "Mimi ndiye niliyeyanyamazisha yale maonyo." Mable akajibu, "Nilikuwa nimekusimamia." Jua lilikuwa linashuka upande wa milima. Kila lori tulilopita nililitazama nikijiuliza kama limebeba maiti. Nilikuwa nasali Kikamba na Kiswahili kwa pamoja, ovyo ovyo. Mable alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na haitetemeki.

Ilitetemeka tulipokaribia Maungu. Obadiah. Mable akanipa niishike mimi, hakuweza.

"Nimempata," Obadiah akasema. Alikuwa anahema. "Punda amekufa. Mkokoteni umekuwa vijiti. Mzee nimemtoa kwenye mtaro wa silanga, alitupwa humo, ndovu wakanywa maji wakiwa juu yake. Mguu umevunjika vibaya. Lakini anapumua, mama. Tumepata pikapu, tunamleta huko Maungu."

Nikamwambia Mable, "Yuko hai." Akaniambia nirudie. Nikarudia mpaka sauti ikanikauka.

Pikapu ilitukuta Maungu kando ya barabara, kukiwa bado na mwanga kidogo. Walikuwa wamemlaza mzee nyuma juu ya magunia, mguu umefungwa kwa fito na kanga ya mtu. Uso ulikuwa na tope lililokauka na macho yamekuwa makubwa. Yale macho siwezi kukueleza. Mtu asiyesikia hakujua kuna ndovu mpaka kivuli kilipomfunika, akageuka, na ndovu yuko hapo hapo. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mfuko wa shati, umekandamiza simu.

Mable akapanda nyuma, akapiga magoti, akamshika mkono. "Baba."

Mzee akautoa mkono wake. Alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Neno," akasema.

Nilidhani Mable atalia ashindwe. Hapana. Alisogeza uso karibu ili mzee auone mdomo wake, akapiga kelele hata watu wa malori wakageuka.

"Kimanga! Chumvi mara mbili, Baba! Chumvi mara mbili!"

Mzee akaanza kulia. Alimshika bintiye kichwa kwa mikono yote miwili, akakivuta kifuani, akawa anasema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Ni wewe. Ni wewe, mama. Sasa ni wewe." Obadiah akaangalia pembeni. Hata mimi nilijifuta kwa kitambaa cha sahani, kumbe bado nilikuwa nacho.

Kisha mzee akatulia. Akamsukuma Mable kidogo ili amwone usoni, akauliza, bila hasira, kama mtoto anayeuliza kitu ambacho kweli hakijui:

"Na ile ya saa kumi, Mable? Ile sikuiuliza neno. Uliniambia nisiiulize. Ile ilikuwa nani?"

Dereva akawasha gari. Mable akamshika baba yake ule mguu ambao haukuvunjika, akaushikilia hivyo hivyo mpaka Voi.